Gari Lililorudi kwa Miguu Yake

Tangu nirudi sina raha kisimani. Nikishusha mtungi naulizwa. Nikitoka kanisani naulizwa. Hata mke wa mwinjilisti, mtu mzima na heshima zake, alinishika mkono akasema, "Mama Elia, ni kweli uliingia nyumbani kinyumenyume?" Ni kweli. Lakini yapo mengine yanayosemwa ambayo si kweli. Wengine wanasema niliendesha gari mimi mwenyewe. Sikuendesha. Wengine wanasema nililala msituni na chui. Chui huyo simjui. Basi nimeandika safari yote humu, anayejua kusoma amsomee asiyejua. Shule yangu ni ile ya katekisimu tu, na herufi zangu ni kubwa kama mbegu za maboga, lakini nilichokiona nilikiona.

Kinampanda, kabla ya kuondoka

Gari ni lile la Kimarekani la marehemu mume wangu, Yohana. Yohana alikuwa dereva wa mchungaji Mmarekani, na mchungaji aliporudi kwao kwa uzee alimwachia gari. Nalo lilikuwa zee tayari. Usukani wake uko kushoto, maana huko lilikozaliwa dereva huketi upande huo, na magari yote ya Mwingereza hapa kwetu dereva anaketi kulia. Spea zake hakuna duka linaloziuza. Kikifa kitu, unakitafuta kwenye maiti ya gari jingine la ukoo wake, la sivyo unakitengeneza mwenyewe. Yohana alitengeneza. Boliti alifuliwa na mhunzi. Gasketi alikata kwenye ngozi ya mbuzi. Mkanda wa feni, yaani ule unaozungusha pangaboi la kupuliza injini isichemke, aliushona kwa ngozi ya shingo ya fahali, kwa kuwa ndiyo nene. Ngozi ile niliikwangua mimi kwa mikono hii. Yohana alilala chini ya gari lile zaidi ya alivyolala kitandani. Miaka ya kwanza nilikasirika, baadaye nikaona heri gari kuliko pombe.

Mwaka huu gari lilivunjika gia ya ekseli likiwa Kondoa. Yohana akaliacha kwa rafiki yake Idi, fundi, akarudi nyumbani kwa lori la mfanyabiashara. Akaugua, akafa. Hayo mnayajua, mlilia pamoja nami.

Sasa mnajua desturi yetu. Siku ya kumaliza matanga mali ya marehemu hugawanywa. Kitembeacho hurithiwa kizima, kwa sababu ng'ombe hai hakatwi vipande. Kisichotembea hugawanywa, kila mtu wa ukoo akapata chake. Likaja suala la gari, na wazee hawajawahi kurithisha gari. Shemeji yangu Kiula, mdogo wake Yohana na mkuu wa ukoo sasa, akasimama.

"Shemeji," akasema, "gari liko Kondoa limelala. Kilicholala ni chuma. Matairi yale manne ni makatambuga ya ukoo mzima, na watoto wetu wanachomwa miiba. Springi zile mhunzi atatoa majembe mpaka tuchoke kulima."

"Gari halijafa," nikasema. "Linauguzwa."

"Yohana naye alikuwa anauguzwa."

Kiula mwenyewe aliona amesema neno zito, akashusha sauti. "Nisionekane mwonevu. Mwezi ukiandama tunamaliza matanga. Gari likija kwa miguu yake mpaka mlango wa marehemu, ni mnyama, litabaki zima mikononi mwako. Likivutwa na ng'ombe au likisukumwa na watu, ni chuma. Mhunzi atakuwa hapa na vifaa vyake."

Wazee wakaitikia, nami nikaitikia. Simlaumu Kiula. Ilikuwa haki.

Mtasema, bibi kizee, gari la nini? Marta wangu alipokwama na uchungu wa mimba ya kwanza, alilala mapajani mwangu ndani ya gari lile mpaka hospitali, na mtoto anatembea leo. Wengine wenu mlilala humo pia, mnajijua. Katambuga hazibebi mgonjwa. Kesho yake nikafunga michembe, yaani viazi vilivyokaushwa, na karanga kwenye kitambaa nikaondoka.

Juu ya magunia

Kwenda si habari kubwa. Nilipanda lori la mfanyabiashara, juu ya magunia ya karanga, pamoja na watu wengine na beberu mmoja. Lori lile lilisimama kila mahali palipoanikwa ngozi. Mwenye lori anashuka, ananusa ngozi, anabishana, anapanda. Tulipita Singida, tukalala, tukapita Mgori bila mimi kushuka, kwa kuwa nilijua nitarudi.

Beberu alikula kifuniko cha kikapu changu. Mwenyewe alisema, "Mama, samahani, hana adabu."

"Adabu anafundishwa na nani?" nikamwuliza. Akamfunga kamba fupi. Njia iliyobaki tulikwenda vizuri.

Kondoa, na yule kuku

Idi ni Mrangi, mtu wa makamo, aliendesha magari ya jeshi wakati wa vita na ana kovu la moto mkononi. Anaongea sana, lakini mikono yake haisimami wakati mdomo unaenda, kwa hiyo nilimvumilia.

"Shikamoo, Mama Elia. Pole na msiba. Rafiki yangu ameniacha."

"Marahaba. Tumeshapoa. Gari liko wapi?"

"Hata maji hujanywa!"

"Maji nitakunywa nikiwa nalitazama."

Akanipeleka uani. Gari lilikuwa limekaa juu ya mawe, safi, limefutwa vumbi. Nyuma lilikuwa halina magurudumu. Nikajua hapa pana maneno.

"Gia imepatikana," Idi akasema. "Kwa jirani yangu Bi Mwajuma kuna gari la ukoo huu huu, lilikufa zamani. Ekseli yake nzima. Shida ni kuku."

"Kuku gani?"

"Ameatamia kwenye kiti cha nyuma. Siwezi kutoa ekseli bila kuinua gari, na Bi Mwajuma amekataa lisiinuliwe."

Nikaenda kwa Bi Mwajuma mwenyewe. Nilimkuta anapepeta uwele, mwanamke wa rika langu, mkavu, hana tabasamu la bure. Tukasalimiana mpaka tukamaliza habari za watoto, ndipo nikamweleza shida yangu yote: Kiula, mhunzi, mwezi.

"Nakuhurumia," akasema. "Lakini kuku huyu nikimtikisa atasusa mayai. Amekaribia kutotoa. Wewe ungemtikisa?"

Nilitaka kubishana. Nikamtazama yule kuku, naye akanitazama kwa jicho moja. "Nisingemtikisa," nikasema.

Basi nikakaa Kondoa kumngoja kuku. Mke wa Idi alinilisha ugali wa uwele na mlenda, na asubuhi uji wenye ndimu ambao bado nauwaza. Nilimsaidia kuchambua mboga. Kila alfajiri niliamka nikatazama mashariki, na kila alfajiri mwezi umekonda zaidi. Idi akaniambia, "Mama, hata ukiutazama hautanenepa." Nikamwambia aende akapige spana.

Siku vifaranga vilipotoka, Bi Mwajuma alikuja mwenyewe kututia haraka. "Haya, inueni, inueni! Mnangoja nini?" Kama vile sisi ndio tuliochelewesha. Jioni ile ekseli ikawa chini ya gari letu. Idi akapiga hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Ndipo nikakaa chini kwenye jiwe nikamlilia Yohana kidogo, kwa sababu ile sauti ilikuwa sauti ya yeye kurudi nyumbani. Kisha nikafuta uso nikauliza tunaondoka saa ngapi.

Mto Bubu

Tuliondoka kukipambazuka. Mimi niliketi kulia, Idi kushoto kwenye usukani. Hajawahi kuendesha gari la namna hii njia ndefu, na tulipokuwa nyuma ya mkokoteni wa ng'ombe akaanza kulalamika.

"Mama Elia, kutoka huku sioni kinachokuja mbele. Wewe ndiwe jicho langu la kulia."

"Yohana nilikuwa namwambia 'bado' na 'pita'. Basi."

"Basi niambie."

"Bado. Bado. Pita."

Tukapita. Miaka ishirini niliketi pale nikisema bado na pita, sikujua kwamba ni kazi mpaka siku ile.

Sasa lile jambo la kusema niliendesha mimi, lilianzia hapa. Mahali nilipoketi mimi ndipo macho ya watu yamezoea kumwona dereva. Karibu na mto tulikutana na tarishi wa Boma juu ya baiskeli, kofia nyekundu, karatasi zake mgongoni. Akaona gari linakuja, na mahali pa dereva ameketi bibi kizee wa kaniki nyeusi, mikono ameikunja, anakula karanga. Akaingia kichakani na baiskeli yake.

Idi akasimamisha gari. Tarishi akatoka miibani anapiga kelele, "Bibi! Shika usukani! Unaua watu wa Serikali!"

"Usukani upi?" nikamwuliza.

Akachungulia. Upande wangu hauna kitu. Akaangalia chini ya miguu yangu kama labda naendesha kwa vidole.

Idi akainua kichwa kule upande wa pili. "Ni mimi ninayeendesha, bwana mkubwa."

"Kwa nini umekaa mahali pa abiria?"

"Mwulize Mmarekani."

Nikampa karanga, tukamtoa miiba. Akasema hatatoa habari Bomani kwa sababu hajui aandike nini.

Mto Bubu haukuwa na maji juu, mchanga mtupu, na wanawake walikuwa wamechimba visima vifupi humo wakichota. Katikati ya mchanga gari likazama tairi za nyuma. Wale wanawake wakaacha vibuyu wakaja, wenye nguvu, wanacheka. "Tusukume?"

"Asiguse mtu," nikasema.

Idi akashuka. "Mama Elia, hapa ni Bubu. Shemeji yako yuko Kinampanda. Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Alisema miguu yake. Litatoka kwa miguu yake."

"Mchanga hausikilizi maneno ya shemeji."

"Basi kata matawi."

Akakata akinung'unika. Tukachimba mbele ya tairi, tukalaza matawi. Likazunguka, likazama tena. Nikavua kaniki yangu ya matanga, nikabaki na gauni, nikaitandika chini ya tairi moja. Mwanamke mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akanitazama, akafungua khanga yake ya kiunoni akaitandika chini ya lile jingine. Idi akatia gia taratibu kama mtu anayetembea kwenye mayai. Likapanda juu ya nguo zetu, likatoka.

Nilimwambia mwanamke yule nitamlipa khanga. Akaikung'uta, alama ya tairi imejichora katikati kama ua. "Usilipe," akasema, "sasa hakuna mwenye khanga kama hii." Sikujua jina lake.

Mgori, kwa wakwe

Mgori ndiko alikoolewa Marta wangu, kwa Wanyaturu. Tulifika jioni. Mkwe wangu wa kiume, akiniona tu, alitoweka nyuma ya ghala, kama heshima inavyotaka, na sikumwona tena ila kivuli. Mama yake, Mama Njiku, akatupokea kwa vigelegele. Huyu ni mwanamke mnene, mkarimu, hawezi kuona kitu kikavu bila kukilowesha. Tukanywa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tukala kuku na ugali, Idi akachinjiwa wake na Mwislamu mwenzake wa jirani. Marta akaniwekea kichwa begani kama zamani.

Mama Njiku alilizunguka gari na kibatari.

"Mkwe, mnyama wako amechoka. Ngozi yake imechakaa."

"Ni bati, mkwe."

"Hata hivyo. Kesho anaenda kurithiwa, ataenda hivihivi, mkavu? Watatusema sisi Wanyaturu kwamba alilala kwetu hakupakwa."

Ninyi mnajua, hata kwetu bibi harusi hupakwa samli, na fahali wa urithi hupakwa samli. Nilicheka nikaenda kulala. Asubuhi nikatoka, gari linang'aa kama nafaka iliyolowa. Taa, milango, magurudumu, kote samli. Nzi wamefurahi.

"Nimempaka mwenyewe," Mama Njiku akasema, mikono bado inateleza. "Kote. Mpaka ndani ya mdomo."

Nikamshukuru. Kwa kweli niliguswa. Hilo neno la mdomo lilinipita sikioni.

Msituni

Tulipoingia msitu wa Mgori jua halijawa kali. Barabara ni nyembamba, miombo pande zote. Tukaenda vizuri kidogo, kisha nikasikia feni inalia. Si mlio wake. Yohana alikuwa akisema, feni ikilia kama paka, simama. Nikasema, "Simama." Idi akasema, "Tufike kwenye kivuli kile." Hatukufika. Rejeta ikafumuka mvuke kama chungu cha pombe, maji ya moto yakaruka mpaka kwenye kioo.

Tukakaa kando. Idi akafungua boneti, akatazama, akashika kichwa. "Injini imekufa joto, Mama. Sijui tatizo. Nilifunga kila kitu mwenyewe."

"Feni inazunguka?"

"Mkanda upo, haujakatika. Lakini feni haivutwi."

Nikasogea. Kabla sijaona, nikanusa. Nikashika mkanda kwa vidole viwili, vikateleza. Mkanda wote umeshiba samli, pande zote mbili, umepakwa kwa upendo, mpaka kwenye mshono.

"Mama Njiku," nikasema.

Idi akanusa vidole vyake. Akaanza kucheka, akakaa chini kabisa barabarani akicheka. "Ndani ya mdomo! Alisema ndani ya mdomo!"

Sikucheka. Mwezi ulikuwa umebaki kama ukucha alfajiri ile. Lakini sikuweza kumkasirikia Mama Njiku pia. Mwanamke yeyote wa huku, akikuta ngozi kavu inayoanza kupasuka, huipaka mafuta. Hata mimi ningepaka. Ngozi ya kulalia, ya kubebea mtoto, ya ngoma, tunazilainisha zote. Hii ni ngozi ya kwanza kwetu inayotakiwa iwe kavu.

Nikamwambia Idi, "Ukikosea mafuta kwenye ngozi, unayatoa kwa majivu. Tunahitaji moto."

Moto tulioupata haukuwa wetu. Mrina asali mmoja, mzee mwenye shoka begani, alifuata moshi wa rejeta yetu akidhani ni wenzake. Moto wake ulikuwa karibu, chini ya mzinga. Akatupeleka, akatuachia majivu yote, akakaa kututazama.

"Mnapika nini?"

"Mkanda," Idi akasema.

Yule mzee akafikiri. "Una nyama?"

Tukaukwangua kwa kisu, tukaufikicha majivu, tukaukung'uta, tukafikicha tena, mpaka mikono yetu ikawa myeupe kama ya wafu. Ngozi inarudisha mafuta polepole, ukidhani imekauka inatoka tena. Rejeta tukaijaza maji ya kibuyu chetu na cha mzee. Akatupa asali pamoja na masega, tukatafuna tukitema nta. Alipoona gari linawaka akainama akatazama feni inavyozunguka, akasema, "Kumbe ndicho alichokuwa anakula." Nikampa michembe yote iliyobaki.

Mkanda ulishika, lakini si kama zamani. Tulikwenda kwa mwendo wa ng'ombe, tunasimama, tunapoza, tunapaka majivu. Kibuyu cha majivu nilikipakata mimi.

Singida mjini

Singida nitaisema kwa ufupi kwa sababu nilikuwa na haraka na sikuwa na raha. Idi alitaka kujaza rejeta akachukua debe akateremka ziwani. Mfua nguo mmoja akampigia kelele kutoka kwenye mawe, "We baba! Unataka kulipikia gari lako chumvi?" Akarudi na debe tupu, amenuna, anasema Mungu anaweka ziwa zima halafu analitia chumvi. Tulichota kisimani. Petroli ilikuwa kidogo dukani, tukapata nusu ya tuliyotaka. Idi akasema itatosha. Nilimwangalia. Akasema, "Inshallah itatosha." Hapo nikajua haitoshi sana.

Tulilala hapo, na alfajiri nilitafuta mwezi mashariki, sikuuona. Ulikuwa umekwisha. Jioni ya leo au ya kesho utaandama magharibi.

Kilima cha mwisho

Mnakijua kilima kile cha kupandia kwetu. Tulikifikia jua limeshuka. Idi akalitia gia, likainua pua, likapanda mpaka penye jiwe jeupe, likakohoa, likazima. Akaliachia, likateremka lenyewe mpaka tambarare. Tambarare likawaka. Likapanda tena, likazima palepale.

"Ni petroli," Idi akasema. "Tangi liko chini ya kiti, inateremka yenyewe kwenda injini. Sasa iko kidogo, na gari likiinua pua injini inakuwa juu kuliko tangi. Petroli haipandi mlima, Mama."

Watu wakaanza kukusanyika. Baadhi yenu mlikuwepo. Wengi walikuwa wanakwenda nyumbani kwangu kwenye matanga, wamebeba vibuyu. Vijana wa kwaya wakavua makoti. "Mama Elia, tukusukumie! Dakika tu!"

"Atakayegusa gari hili," nikasema, "nitamchapa, hata kama nilimzalisha mama yake."

"Sasa utafanyaje?"

Niliketi mle ndani mikono juu ya kibuyu cha majivu, natazama kilima. Jua lilikuwa linagusa miti. Huko juu Kiula anangoja, na mhunzi ameketi na koleo zake. Nikawaza, Yohana alikipandaje kilima hiki miaka yote, naye petroli haikumtosha hata siku moja?

Ndipo nikakumbuka aibu yangu. Kila mwisho wa mwezi, tangi likikauka, Yohana alikuwa anageuza gari pale chini na kupanda kinyumenyume, makalio mbele, watu wanapiga makofi. Mimi nilikuwa najifunika khanga usoni. Nilidhani anawachekesha watu. Hata siku moja sikumwuliza kwa nini.

"Idi," nikasema. "Geuza."

"Turudi?"

"Geuza, upande kwa mgongo. Tangi litakuwa juu ya injini."

Idi alinitazama, akatazama kilima, akapiga paji la uso wake kofi. Akageuza. Akatoa kichwa nje upande wake, mimi nikatoa changu upande wangu, tukaanza kupanda, nyuma ikitangulia. Injini haikukohoa hata mara moja. Feni ililia kidogo, nikaiombea.

"Bado," nikasema. "Bado. Kulia kuna jiwe. Bado. Pita."

Watu walitembea kando yetu wanaimba, hakuna aliyegusa. Nami safari hii sikujifunika uso.

Mlangoni

Hivyo ndivyo mlivyotuona tukiingia uani, kinyumenyume, vumbi na samli vimeshikana, mpaka hatua ya mlango wa Yohana. Idi akazima. Mhunzi alikuwa amekunjua ngozi yake ya vifaa. Kiula akasimama, fimbo mkononi.

"Shemeji," akasema. "Tangu lini ng'ombe akaingia zizini ametanguliza mkia?"

"Ulisema miguu. Kichwa hukukitaja."

"Halikusukumwa?"

"Waulize wote hawa. Halikusukumwa hapa wala Bubu."

Watu wakashuhudia kwa kelele. Mzee mmoja wa ukoo, yule asiyeona vizuri, akasema kutoka kwenye kigoda chake, "Kiula, ndama mwingine hutoka tumboni kwa miguu ya nyuma. Tukimpata hai tunamwita ndama."

Kiula alilizunguka gari polepole. Aliangalia matairi, na niliona anavyoyaangalia, maana alikuwa ameshayakata moyoni mwake, kila mtoto na pea yake. Akafika mbele, akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa upesi.

"Lina joto," akasema. Kisha akaweka tena, akakiacha pale, akaungua kidogo bila kukitoa. Nadhani alikuwa anamkumbuka kaka yake. "Maiti haina joto. Mhunzi, funga vitu vyako."

Wanawake wakapiga vigelegele, na katikati ya vigelegele mtu akapaza sauti kwamba mwezi umeandama, na kweli, ulikuwa pale juu ya miti, mwembamba kama uzi.

Ikabaki desturi ya mwisho. Mnyama wa urithi hupakwa na mkuu wa ukoo kabla ya kukabidhiwa. Wakamletea Kiula pembe ya samli. Akachovya vidole, akasimama mbele ya gari, hajui aanzie wapi, maana hajawahi kupaka mnyama wa bati.

Nikamfungulia boneti.

"Paka popote upendapo, shemeji," nikamwambia. "Ila huu mkanda, usiuguse."